Haldeni za Mzee Abner

Mzee Abner alirudi kutoka kliniki ya presha jua likiwa limeshapanda. Akavua koti, akachukua kitambaa chake cha kufutia, na kabla hata ya kuuliza chai iko wapi, akashika njia ya ghalani. Nyamoita, mkewe, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua mboga. Alimwona akipita. Alijua kinachomngoja huko, maana ni yeye mwenyewe aliyekiweka, na bado hakufungua mdomo. Kuna uchovu unaomfanya mtu aache jambo lije lenyewe kuliko kwenda kulipokea.

Abner akasukuma mlango wa ghala. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti alipokiona kitanda. Juu ya kitanda kulikuwa na leso ya maua mekundu, na juu yake kamba imefungwa kutoka ukuta huu hadi ule, imeanikwa nguo za mtoto. Akaurudisha mguu nyuma polepole, kama mtu aliyekanyaga ukingo wa shimo.

"Mong'ina!" akaita, kama wazee wa Gusii wanavyowaita wake zao.

"Naam, Mogaka," Nyamoita akaitika, kwa jina la heshima la mzee.

"Kitanda cha nani hiki?"

"Unakijua."

"Nakuuliza wewe."

"Ni cha mke wa Mose," Nyamoita akasema, akaendelea kuchambua mboga. "Nimemhamishia humo na mtoto. Ulipokuwa kliniki."

Abner alisimama pale nje na kitambaa mkononi. Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe.

Sasa ni lazima ieleweke Nyamoita alikuwa amefanya nini. Mose, mwana wao wa mwisho, alikuwa Nakuru kwenye kazi ya ujenzi, na nyumba yake ndogo iliyokuwa upande wa chini wa boma iliezuliwa na upepo wa mvua ya mawe. Mabati yaliokotwa kwenye michai ya majirani, yamekunjika kama karatasi. Mkewe, Valentine, akabaki na mtoto mchanga, Osoro, bila pa kulala. Katika nyumba kubwa hakuweza kulala, kwa kuwa baba mkwe yumo. Hayo si mambo ya kubishania huku Gusii. Ni chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na kila mtu huinyonya na maziwa ya mama. Baba haingii anapolala mke wa mwanawe. Hampi mkono. Hawakai kiti kimoja. Kuna wazee siku hizi wanaolegeza, wanasalimiana na wakamwana wao na kucheka nao kama watu wa ofisini. Abner hakuwa wa kulegeza. Yeye hata neno hakuwa akimwambia Valentine moja kwa moja. Likiwepo la kusemwa, lilipita kwa Nyamoita.

Basi Valentine akalala jikoni. Moshi wa kuni ukamwingia mtoto kifuani, akaanza kukohoa, na daktari wa zahanati akasema wazi kwamba mtoto huyu atolewe kwenye moshi. Asubuhi hiyo, Abner alipoondoka kwenda kliniki, Valentine alikuja akiwa na macho mekundu.

"Mama," akasema, "nikilala jikoni tena, mimi narudi kwetu Ogembo."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekuarifu kuwa chumvi imekwisha. Na hilo ndilo lililomwogopesha Nyamoita, kwa sababu alikwisha kuwaona wanawake wanaorudi kwao kwa wiki moja na mtoto mgongoni, wiki ikawa msimu, msimu ukawa basi. Chai ya Nyamoita ilichumwa na watu wawili, yeye na Valentine. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi kabla kikapu hakijafika nusu. Valentine akienda, mtoto anakwenda, na boma linabaki na wazee wawili na zile mashine.

Zile mashine. Ghala lilikuwa limejaa mashine.

Zilikuwa laptopu, ingawa kijana wa leo angeziona asingejua ni nini. Nzito, za rangi ya majivu na nyingine rangi ya maziwa yaliyoharibika, zimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dirisha, kila moja juu ya kipande cha gunia. Jina lake ni Haldeni. Zilikwisha kuacha kutengenezwa zamani, tangu Mose bado anatambaa. Kila siku Abner aliingia akazifuta, akazifungua na kuzifunga, akazigeuza upande ili panya wasizoee. Hakuruhusu mtu mwingine kuzigusa. Jaffer, mwenye duka la vyuma mjini Kisii, alikwisha kuomba mara nyingi azichukue. Abner alikuwa akimpa chai, akimsikiliza mpaka mwisho, na kumsindikiza hadi barabarani bila kumjibu.

Nyamoita alifikiri hivi: kitanda kitangulie, kisha Abner mwenyewe ataona haya, atatoa mashine zake. Hapo ndipo alipokosea. Aliishi na chinsoni maisha yake yote na bado akasahau kwamba kitanda kikishaingia, mlango umefungwa. Abner hangeweza tena kuingia kuzitoa. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa, hazingetoka. Valentine alikuwa mle ndani katikati ya mashine kama kuku aliyetagia stoo ya mbao, hana hata pa kuweka beseni la kumwogeshea mtoto.

"Umenifungia," Abner akasema hatimaye.

"Nimemfungulia mtoto."

"Umenifungia, Mong'ina."

Akaenda akachukua kigoda chake, akakiweka nje ya ghala, chini ya kidirisha cha mbao, akaketi na kuegemeza mgongo ukutani. Nyamoita akajua kwamba siku imeharibika. Akaacha mboga, akajipangusa mikono kwenye leso, akaenda kusimama kwenye kona, pale ambapo anaweza kuuona mlango kwa jicho hili na kigoda kwa jicho lile. Hakuna aliyemwita. Ilikuwa ni mahali pake tu.

"Mwambie," Abner akaanza, "asiweke chochote juu ya zile za dirishani."

Nyamoita akageuza uso mlangoni. "Tata anasema usiweke chochote juu ya zile za dirishani," akasema, akimtaja mzee kwa jina la baba.

"Nimesikia, mama," sauti ya Valentine ikatoka ndani. "Mwambie tata nimeshaweka nepi."

"Anasema ameshaweka nepi."

Abner akafumba macho. "Nepi kavu au mbichi?"

"Kavu au mbichi?"

"Mwambie ni mbichi. Nitazikaushia wapi na mvua hii? Zile zilizokauka mtoto amezivaa."

"Anasema mbichi."

"Azitoe! Mwambie azitoe! Hizo ni Haldeni za Pili, maji yakiingia kwenye vitufe ni basi!"

"Tata anasema uzitoe. Ni Haldeni za Pili."

"Mwambie tata," Valentine akasema, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu kati ya kicheko na kilio, "mimi sijui ya pili wala ya tano. Zote naziona zina sura moja. Sura ya mtu aliyenyimwa chakula."

Nyamoita aliuma mdomo. "Anasema hazijui."

"Hazijui." Abner akairudia ile kauli kana kwamba ameonjeshwa kitu kichungu. Kisha akanyamaza. Nyamoita alidhani ameshindwa, akawa anafikiria mboga zake. Kumbe mzee alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Mwambie Haldeni ya Kwanza ni ile kubwa karibu na mlango. Ile yenye kishikio kama cha sanduku la safari. Hiyo haikuwa na betri. Unachomeka kwa stima, unafunua, herufi zinawaka rangi ya chungwa kama makaa. Mwambie niliibeba kutoka dukani kwa mzee Ismael, baba yake Jaffer, nikapanda nayo milima hii yote. Wakati huo watu wa Nyamira walikuwa hawajaona kompyuta ya mezani, sembuse ya kubeba. Niliifungua kanisani baada ya ibada, mchungaji akaniuliza kama inajua kuhesabu waumini. Nikamwambia inajua, ila haijui nani amekuja kwa moyo na nani kwa chakula. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakasogea. Mwambie."

Nyamoita alivuta pumzi. "Ya Kwanza ni hiyo kubwa karibu na mlango," akasema. "Aliibeba."

"Sikusema hivyo tu!"

"Anakusikia, Mogaka. Ukuta ni wa udongo."

"Hajasikia mpaka umwambie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba hiyo. Neno liliweza kupita ukutani, likaingia sikioni mwa mtu, likamchoma, na bado likawa halijasemwa mpaka Nyamoita alipolichukua na kulifikisha. Basi akalisema lote, la makaa na la mchungaji na la mabenchi, kwa sauti iliyonyooka bila mapambo, kama mtu anayesoma matangazo. Alikuwapo siku ile kanisani. Alikumbuka kwamba Abner aliifunga ile mashine kwenye leso yake mpya, akaibeba mgongoni kama mtoto, na leso haikufaa tena kuvaliwa. Hilo hakuliongeza.

"Mwambie tata nimeiona," Valentine akasema. "Imeandikwa nini hapa mbele? Imefutika."

"Anauliza imeandikwa nini hapo mbele."

Abner akainuka nusu kutoka kwenye kigoda, akasahau, akaketi tena. Macho yake yalikuwa yamepata uhai. "Mwambie ni jina lake na namba yake. Ya Pili ndiyo ikaja na betri. Betri nzito, karibu na ya gari! Lakini ilikuwa inakaa na chaji muda wa mahubiri mazima, bila waya. Kioo cha kijani-kijivu, ukikaa pembeni huoni kitu, ni mpaka ukae mbele yake sawasawa, kama unapigwa picha. Hizo ndizo tulizouza, mimi na mzee Ismael. Chama cha wakulima wa pareto walichukua. Hospitali moja ya misheni wakachukua. Mwalimu mkuu Sylvanus, kule njia ya Keumbu, alichukua, akawa anaifungia kabatini wanafunzi wasiipumulie. Kila niliyemuuzia nilimshika mkono nikamwambia, ikikukataa nitafute. Mimi niko hapa. Hiyo ndiyo ilikuwa garantii. Haikuwa ya karatasi."

Nyamoita akafikisha. Miguu ilianza kumwuma, akahamishia uzito mguu mwingine. Kuku alipita akamdonoa kidole cha mguu, hata hakumfukuza. Alifikisha habari za betri, za kioo, za mwalimu Sylvanus na kabati lake. Aliposema "mimi niko hapa", alikumbuka kwamba yeye pia alikuwa hapa, siku zote hizo, na hakuna mtu aliyeiita garantii.

"Na hizi nyembamba?" Valentine akauliza. "Zinapendeza. Mbona zote zimevunjika shingo?"

"Anauliza habari ya nyembamba."

"Ya Tatu." Abner akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Mwambie Ya Tatu ilikuwa nzuri kuliko zote. Mtu anaiweka mapajani kweli. Lakini bawaba! Walitia bawaba ya plastiki. Ukiifunua mara nyingi inakatika, kifuniko kinaning'inia. Nilimwambia mzee Ismael, awaandikie wenyewe huko ng'ambo wabadilishe bawaba. Akawaandikia. Kabla hawajajibu, kampuni ikanunuliwa na kampuni nyingine, na wale wapya hawakulitaka jina la Haldeni. Wakafunga. Hakuna tena vipuri, hakuna tena betri, hakuna mtu wa kupigiwa simu. Mzee Ismael akataka rafu zake aweke redio. Akaniambia, Abner, chukua zilizobaki, utakuwa unatoa vipuri humo ukiwatengenezea watu wako. Mimi nikazichukua. Ningefanyaje? Niliwashika mikono wale watu."

Ilikuwa ndefu, na Nyamoita alianza kuichukua, akafika kwenye bawaba, akasimama. Mtoto alikuwa anakohoa ndani. Kikohozi kikavu cha mtu mdogo asiyejua kukohoa, kinachoanza na kukwama katikati. Wote watatu wakakisikiliza mpaka kilipokwisha.

Valentine hakungoja habari ya bawaba imalizike kufikishwa. Alisema polepole, na kila neno lilipita ule ukuta wa udongo kama maji kwenye kikapu.

"Mwambie tata hivi. Waliozitengeneza wameziacha. Aliyeziuza ameshakufa. Chama cha pareto kimekufa, na pareto yenyewe imekufa, hata mbegu siku hizi ni ya kutafuta. Mwalimu Sylvanus tulimzika mwaka juzi, mimi mwenyewe nilipika kwenye yale matanga. Sasa mtoto wangu anabanwa humu kwa ajili ya watu gani? Mwambie. Na umwambie pia, kesho asubuhi narudi Ogembo."



Nyamoita alimwona Abner. Kitambaa kilikuwa kimesimama kati ya vidole vyake. Alikuwa amesikia kila kitu, hadi pumzi ya Valentine kati ya neno na neno. Alikuwa anatazama mbele, kwenye migomba, akimngoja mkewe. Na ndani Valentine naye alikuwa anangoja. Kitanda hakikulia.

Nyamoita alimjua mume wake. Akimfikishia yale maneno, yatakuwa yamesemwa. Na yakishasemwa Abner atalazimika kuyajibu, na mzee wa umri wake, akiambiwa na mke wa mwanawe kwamba anaondoka, ana jibu moja tu mdomoni: aende. Si kwamba atakuwa anapenda. Atalisema kwa kuwa hakuna lingine mzee anaweza kusema na bado akaitwa mzee. Likishatoka hilo, Valentine atafunga leso zake. Na asipoyafikisha, je? Kesho Valentine ataondoka vilevile, kimyakimya, na Abner ataweza kusema hata kaburini kwamba hakuambiwa.

Alisimama pale kwenye kona na mgongo ukimwaka moto. Alifikiria maneno yote aliyowahi kuyapitisha katika boma hili. Ya Abner kwenda kwa Mose, ya Mose kwenda kwa Abner walipogombana juu ya shamba, ya Abner kwenda kwa wakwe, ya wakwe kurudi. Mwambie, mwambie, mwambie. Hajawahi kupunguza la maana wala kuongeza. Na katika hayo yote hakukumbuka hata siku moja ambapo mtu alimtuma neno likimhusu yeye.

Akafungua mdomo.

"Anasema mama amechoka," akasema.

Abner aligeuza kichwa.

"Anasema mama anaamka gizani kwenda kuchuma chai na mkono wake wa kulia hausikii kitu. Anasema akimfungulia mama kikapu jioni anakuta vidole vimejikunja havinyooki, inabidi avikande na maji moto." Sauti ya Nyamoita haikupanda. Ilikuwa ileile ya matangazo. "Anasema mama hana mtu mwingine. Anasema mama hataki kubaki katika boma hili na mashine. Anasema kama kuna mtu wa kuondoka humo ghalani, mama anaomba asiwe yule wa kumkanda vidole."

Valentine hakuwa amesema hata neno moja la hayo, na Abner, aliyekuwa ameegemea ukuta uleule, alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

"Ni yeye amesema?" akauliza, taratibu.

"Ni yeye."

"Muulize tena."

Nyamoita akageuza uso mlangoni. Akashika mwimo wa mlango. Ndani, katika mwanga hafifu, alimwona Valentine ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto begani, amezungukwa na mashine kila upande. Wakatazamana.

"Tata anauliza kama ni wewe umesema hayo."

Valentine alikuwa amekasirika, ilionekana shingoni. Yale ya Ogembo yalikuwa ya kweli, na mama mkwe wake alikuwa ameyameza mbele ya uso wake. Alihamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile. Alitazama mikono ya Nyamoita pale kwenye mwimo, jinsi ule wa kulia ulivyoshika kwa kiganja tu, vidole havishiki. Akatazama pembeni.

"Mwambie ni mimi," akasema.

"Anasema ni yeye."

Abner alikaa. Wingu lilipita juu ya migomba, likatia kivuli, likaondoka. Alikikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ndogo, kama mgonjwa anayeomba maji.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie anitolee Ya Kwanza, maana iko karibu na mlango. Ni nzito, asiiinue na mtoto begani. Aiweke kizingitini, arudi nyuma, mimi nitaichukua."

Nyamoita hakufikisha. Alimtazama. "Utaziweka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni kwangu pia, Mogaka."

"Chini ya kitanda. Na nyingine pale sebuleni, nyuma ya viti. Mpaka Jaffer apate gari aje."

"Jaffer ana gari. Ana gari tangu zamani."

"Mpaka aje, nimesema."

Nyamoita aliijua hiyo "mpaka". Aliona kabisa mwezi ujao, akijikwaa usiku kwenda kutafuta kibiriti, akihamisha Haldeni za Tatu ili afagie, wageni wa kanisa wakiketi na magoti yamewafika kidevuni. Aliona vumbi lake. Angeweza kusema, lakini maneno aliyokuwa nayo kwa siku hiyo yalikuwa yamekwisha, hata yale yasiyo yake.

"Mimi naenda kulala," akasema.

"Saa hizi? Jua hili?" Abner alishangaa kweli. "Na nani atamwambia asizishike kwa kifuniko?"

Nyamoita akawa ameshaondoka. Alipita jikoni, akazitazama mboga zilizonyauka kwenye ungo, akazipita. Ndani ya nyumba kubwa alijilaza kitandani na leso yake vilevile, akaelekea ukutani. Kwa muda hakusikia kitu. Akafikiri wamesimama tu, mmoja ndani na mmoja nje, na hakuna atakayesogea mpaka yeye aamke. Akaanza kuinuka kwa kiwiko. Kisha akasikia kitu kizito kikiburutwa kwenye sakafu ya udongo, kikagota kwenye kizingiti, na nyayo za Valentine zikirudi nyuma. Miguu ya Abner ikaja polepole, ikaingia sebuleni, ikaingia chumbani. Alihema. Alipiga magoti upande wa pili wa kitanda kwa shida nyingi, akasukuma Haldeni ya Kwanza chini, mpaka ikagusa ukuta. Nyamoita, aliyekuwa amejilaza tena, alihisi kitanda kikitikisika chini ya ubavu wake. Alifumba macho, akajifanya amelala, na Abner akajifanya ameamini.

Akatoka. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti za uani zikaingia.

Mtoto Osoro alikuwa ameanza kulalama. Mtoto huyo alipewa jina la baba yake Abner, aliyekufa zamani, na kwa hiyo Abner, mzee na mvi zake, alikuwa akimwita yule mtoto "tata", kwa heshima zote, kama baba aliyerudi akiwa hana meno. Sasa Nyamoita alimsikia akikohoa kidogo, kusafisha koo, kama afanyavyo akisimama kuzungumza mbele ya watu.

"Tata Osoro," Abner akasema. "Mwambie mama yako, hizo nyembamba azishike kwa chini. Kwa chini, si kwa kifuniko. Zina shingo mbovu."

Kisha Valentine, ndani ya ghala, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akimtuma kwa babu yake:

"Osoro, mwambie sokoro yako nimeshashika kwa chini. Na umwambie asibebe mbili mbili. Ametoka kliniki leo."

"Mwambie nimesikia, tata."

Mtoto alilia kwa nguvu, akiwa hana habari na yoyote kati ya hayo. Valentine akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu upepo ule, kisha kikaja kishindo cha mashine nyingine kizingitini. Nyamoita alivuta blanketi hadi mabegani. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, akaulalia hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa akimwita.